Aplikesheni ya udaku ya Waingereza msimu wa Strictly: nimelipia, nimesoma bifu zote, nyota 2 kati ya 5

Kwanza niweke wazi, hii ni rivyu ya aplikesheni, sio ya kipindi cha dansi cha Strictly. Kipindi chenyewe nakipenda na nitakigusa huko mbele maana bila kukielewa huwezi kuona kwa nini hii aplikesheni inanikera. Ni ya gazeti moja la udaku la huku Uingereza, jina nalibania, na hata ningelitaja isingesaidia sana kwa sababu ukiondoa logo na rangi haya magazeti huwezi kuyatofautisha, habari ile ile inazunguka kote ndani ya muda mfupi na kila mmoja anaandika "kwa mujibu wa" mwenzake. Nimechukua ile ya kulipia isiyo na matangazo, haifiki pauni 5 kwa mwezi, nikaitumia msimu mzima wa Strictly, kuanzia majina ya mastaa yanapotangazwa kiangazi mpaka fainali ya Desemba.

Kwa nini nilipie udaku wakati udaku ni bure kila kona? Sababu ni kazini. Ikifika Septemba Jumatatu asubuhi hakuna stori nyingine, wamama wote wa zamu yangu ni Strictly tu, nani kapewa ngapi, nani kaonewa, jaji gani ana roho mbaya, na mimi nimekaa na chai yangu sina la kuchangia. Nikasema ngoja nijiunge nami niwe na la kusema.

Kwa mlioko Dar, Mombasa au Muscat ambao hamjakutana nayo: Strictly Come Dancing ni shindano la dansi la BBC One lililoanza 2004, linaruka Jumamosi usiku. Staa (mwigizaji, mwanasoka mstaafu, mtangazaji, mara nyingine mwanasiasa) anapangiwa mcheza dansi wa kulipwa, wanafanya mazoezi wiki nzima, Jumamosi wanacheza mbele ya majaji wanne, kila jaji ana alama 10 kwa hiyo ukipata 40 umemaliza kila kitu. Alama zinachanganywa na kura za watazamaji, wawili wa chini wanacheza tena na majaji ndo wanaamua nani arudi kwao. Wamarekani nao wana ya kwao, Dancing with the Stars ya ABC, tangu 2005. Sasa tofauti na Bongo Star Search, kule anayesimama mbele ya Madam Rita ni kijana anayetafuta jina, huku anayesimama mbele ya jaji jina analo tayari, ana meneja, ana wafuasi kibao, akinuna tu imeshakuwa habari. Hapo ndo biashara ya bifu inapoanzia.

Nianze na mazuri nisionekane nina chuki. Aplikesheni ni nyepesi, inafunguka haraka hata kwenye treni mtandao ukiwa wa kusuasua. Picha ni nzuri mno, kama unafuatilia magauni na yale mashati ya kung'aa yaliyo wazi mpaka kitovuni basi hapo pesa yako inarudi, unaweza kukuza picha mpaka uone shanga. Na alama zinaingia kabla hata staa hajamaliza kuhema. Ila kuna kero moja inayohusiana na huo wepesi, kipindi cha matokeo kinaonyeshwa Jumapili lakini kinarekodiwa Jumamosi ile ile usiku baada ya laivu kuisha, watu wa ukumbini wanatoka na siri, kwa hiyo ukiamka Jumapili notifikesheni imeshakuambia nani katoka na raha yote imeisha. Zima notifikesheni Jumamosi saa nne usiku, hilo ni la bure nakupa.

Sasa bifu.

Hii ndo sehemu wanayoitangaza kuliko zote na ndo sehemu mbovu kuliko zote. Nikupe mfano, nimeutunga mwenyewe kwa mtindo wao ili nisimsingizie mtu. Jumamosi jaji anampa staa 4 kwenye foksitroti, anamwambia mabega yamepanda, hatua zinaanza na vidole badala ya kisigino, mikono imekakamaa. Staa anatabasamu, anasema asante nitarekebisha, anaondoka. Hicho ndo kilichotokea, hata dakika haijaisha. Jumapili asubuhi unakuta STAA AMVAA JAJI LAIVU, ukifungua ndani ni kwamba aliinua nyusi. Jumatatu: chanzo kilicho karibu na kipindi kinasema hawasalimiani tena kwenye korido. Jumanne: mashabiki wacharuka, mashabiki wenyewe ni komenti tatu zilizookotwa mtandaoni na mmoja wao hata kipindi hakuangalia, kasema kabisa kwenye komenti yake. Jumatano wanachimba maneno ambayo jaji aliyasema miaka ya nyuma kwenye podikasti kuhusu kitu kingine kabisa wanayabandika pale kama ya jana. Alhamisi mshiriki wa msimu mwingine huko nyuma "afunguka". Halafu Ijumaa, WAMALIZA TOFAUTI ZAO? na alama ya kuuliza, na picha wamekumbatiana wanacheka. Yaani wamepatanishwa na gazeti lile lile lililowagombanisha, na wenyewe wala hawakujua kama waligombana.

Ukisoma zile habari mpaka mwisho, na nimezisoma mpaka mwisho maana nimelipia, mara nyingi aya ya mwisho kabisa kuna maneno halisi ya staa mwenyewe, ametajwa kwa jina, anasema jaji yuko sawa, ni kazi yake, anampenda. Ukweli wanao, wanauweka chini ambako hakuna anayefika. Juu wanaweka chanzo kisicho na jina. Nikaanza kuzisoma kuanzia chini kupanda juu na nawaambia inasaidia, unamaliza habari kwa muda mfupi na presha haipandi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wanatupa ile sababu ya alama. Jaji hatoi 4 kwa sababu kakuchukia, anatoa 4 na anasema kwa nini, na ile "kwa nini" ndo utamu wa kipindi kwa sisi tusiojua dansi. Mimi nilikuwa sijui kwamba kwenye foksitroti hatua ya kwenda mbele inatua na kisigino, au kwamba kwenye tango hutakiwi kupanda na kushuka. Nimejifunza kwa majaji. Kwenye aplikesheni hayo yote hayapo, inabaki namba 4 na uso wa jaji waliouganda kwenye video pale mdomo umekunjamana vibaya.

Aliyefaidi au kuumia kuliko wote na hii mambo, sijui niseme lipi, ni Craig Revel Horwood. Huyu ni Mwaustralia, mtunzi wa miondoko na mwongozaji wa maonyesho ya jukwaani, yupo kwenye ile meza tangu 2004, na kazi aliyojipa ni kuwa jaji mkali. Akitoa alama watu wanazomea ukumbini, na wanazomea huku wanacheka. Kwa magazeti huyu ni mgomvi wa taifa, kila msimu ana bifu na mtu. Sasa kwenye aplikesheni kuna sehemu ya kutafuta habari za zamani, na hii ndo sehemu pekee niliyoiona ina thamani ya ile hela, kwa sababu ukisoma bifu za zamani ukiwa tayari unajua ziliishaje unaona kila kitu. Mtafute Ann Widdecombe.

Huyu mama alikuwa mbunge na waziri wa chama cha Conservative, mtu wa misimamo mikali, kastaafu ubunge 2010, na mwaka huo huo akaingia Strictly akiwa na miaka 60 na kitu akapangiwa Anton Du Beke. Dansi hawezi, na wala hakujifanya anaweza. Anton alimburuta sakafuni kama mtu anayehamisha kabati, kuna siku aliingia ukumbini akiwa ananing'inia hewani kwa waya, na Craig alimpa alama 1. Moja, kati ya 10. Sasa hebu fikiria wahariri walivyofurahi, mwanasiasa mkali anayejibu mapigo na jaji mkali anayetoa 1, kila wiki. Watu nao wakampigia kura kwa raha zao, na mwaka ule kulikuwa hakuna ile raundi ya wawili wa chini kucheza tena, kwa hiyo majaji hawakuwa na namna ya kumtoa, wanampa 1 na wiki ijayo yupo tena. Alikaa mpaka wiki ya 10, akaondoka wa 6.

Kama ungeishia kwenye vichwa vya habari ungesema hawa wawili wakikutana barabarani kuna mtu atalazwa. Krismasi ya mwaka uliofuata, 2011, Ann Widdecombe na Craig Revel Horwood walikuwa jukwaa moja pale Orchard Theatre, Dartford, kwenye mchezo wa Snow White, Craig amevaa gauni ni malkia mwovu na Ann yupo naye. Hiyo inaitwa pantomime, ni michezo ya kuchekesha ya Krismasi ambapo familia zinaenda na watoto kwenda kumzomea adui kwa sauti, na adui asipozomewa ujue kazi imemshinda. Wamelipwa wote wawili. Bifu likageuka tiketi.

Na hapo ndo nilipoelewa hii biashara nzima. Craig ni adui wa pantomime hata akiwa kwenye meza ya majaji, ukumbi mzima unajua, staa anajua, bibi aliyekaa nyumbani na blanketi lake anajua, wanazomea kwa mapenzi. Gazeti pekee ndo linajifanya halijui. Linachukua ile zomea ya kucheka linaiandika kama chuki halafu linakuuzia. Wala sidhani kama wanadanganyika, mtu anayeandika habari za showbiz Uingereza anajua pantomime ni nini kuliko mimi niliyekulia Morogoro.

Kesi nyingine nzuri ya kutafuta ni John Sergeant, 2008. Huyu ni mwandishi wa siasa mkongwe, alikuwa BBC halafu ITN, ndo yule aliyekuwa anaripoti laivu Paris mwaka 1990 Margaret Thatcher akatokea nyuma ya mgongo wake na yeye hana habari. Kwenye Strictly alikuwa mbovu hasa, kwenye paso doble alimburuza mwenzake Kristina Rihanoff sakafuni watu wakafa kwa kicheko. Majaji wanampa alama za mwisho, watazamaji wanamrudisha, wiki hadi wiki, na wacheza dansi wazuri wanatoka yeye anabaki. Magazeti yakaifanya vita ya Sergeant na majaji. Ukiangalia vizuri Sergeant hakuwa anagombana na mtu, waliokuwa wanagombana ni watazamaji na majaji, na wamepewa silaha na kanuni za kipindi chenyewe, nusu ya nguvu kwa wanaojua dansi na nusu kwa wanaotaka kucheka, hapo lazima kuwe na msuguano, ndo maana shindano linanoga. Novemba akajitoa mwenyewe, akasema kuna hatari ya kweli kwamba anaweza kushinda na huo utakuwa utani uliopitiliza. Akacheza walzi ya kuaga akaenda zake. Hiyo ilikuwa habari kubwa kweli, ilistahili ukurasa wa mbele, na utamu wake ni kwamba haina mbaya hata mmoja. Ila habari isiyo na mbaya haiuziki kwa hiyo wakamtafuta wa kumpa hiyo kazi, majaji wakaipata.

Sasa nisiwe mnafiki, zipo ambazo moto ulikuwepo. Mwaka 2011 kwenye ile ya Marekani, kipa wa timu ya taifa ya wanawake Hope Solo alikuwa anacheza na mcheza dansi Maksim Chmerkovskiy, majaji wakampa Hope maneno makali, Maksim akashindwa kuvumilia, jaji Len Goodman aliposema yupo kwenye hii kazi karibu miaka 50 Maksim akamjibu laivu labda muda wa kuondoka umefika. Aisee. Jaji mwenzake Carrie Ann Inaba akamwambia hiyo sio heshima. Hiyo ni kweli, imeonekana, mtu mzima amejibiwa vibaya mbele ya nchi nzima. Ila hata hapo, aliyewaka ni mwalimu, staa mwenyewe Hope alikuwa amesimama tu pale. Na Len, mzee wa watu aliyewahi kuchomelea vyuma bandarini London kabla ya dansi, hakuondoka kwa kuambiwa na Maksim, aliendelea zake akastaafu mwenyewe 2022 na akafariki Aprili 2023.

Nyingine ni Dancing on Ice ya ITV, ile ya kuteleza kwenye barafu, 2019, Gemma Collins wa kipindi cha maisha halisi The Only Way Is Essex na jaji Jason Gardiner. Hii naipenda kwa sababu gazeti lenyewe liliingia ulingoni. Gemma alikaripiwa na Jason, akamgeuzia kibao laivu akamwambia wewe ndo unayeuza stori zangu kwa magazeti, Jason akakana pale pale. Wiki moja baadaye hivi Gemma akaanguka kifudifudi kwenye barafu, ile video nadhani hata waliokuwa hawajui Uingereza iko wapi waliiona. Sasa angalia mzunguko ulivyo, magazeti yanaandika bifu, staa anakasirika kwa kilichoandikwa, analeta hasira kwenye kipindi, kipindi kinarushwa, magazeti yanaandika upya. Bifu la kutunga likishaandikwa vya kutosha linazaa bifu la kweli. Msimu ule ulipoisha Jason akaondoka, John Barrowman akachukua kiti chake.

Kwa nini iko hivi? Hesabu ni rahisi. Kipindi kinaruka Jumamosi, matokeo Jumapili, halafu kuna siku tano hakuna kitu lakini aplikesheni inataka uifungue kila siku, na mazoezi ya dansi hayana habari, watu wanajikwaa wanapaka barafu kwenye vifundo vya miguu. Kinachoweza kujaza siku tano ni kisa chenye watu wawili na swali halijajibiwa. Mshiriki na mshiriki mwenzake ni kazi kuwagombanisha kwa sababu wanakumbatiana muda wote, hata mpaka inachosha. Mume au mke wa mtu na mcheza dansi, hiyo ipo na wanaitumia vibaya sana, ndoa za watu zimepita humo. Lakini jaji na staa ni rahisi kuliko zote, kwa sababu kila Jumamosi jaji LAZIMA aseme kitu kibaya kuhusu mtu, ni mkataba wake. Malighafi inaletwa mlangoni bure. Na hakuna wa kulalamika sana, BBC haiuzi matangazo lakini inataka watu waangalie, meneja wa staa anataka jina lisisahaulike, staa mwenyewe wiki ambayo hajaandikwa anaanza kuogopa kura. Kiki kila mtu anaila. Anayelipa ni mimi na hizo pauni zangu.

Hapana, na wengine wanalipa zaidi. Shirley Ballas, jaji mkuu tangu 2017, amesema hadharani kuhusu matusi anayopokea mtandaoni akimtoa mtu ambaye watu wanampenda. Huyu mama akikaa pale na kura yake ya mwisho anafanya kazi aliyoajiriwa, na kesho yake simu imejaa watu wanaomtukana kwa sababu wamesoma kwamba "alikuwa na kinyongo" na fulani. Wale hawakuelewa ni pantomime. Motsi Mabuse, dada wa Afrika Kusini aliyekaa meza ile tangu 2019, naye akisema neno tu la ukali komenti za chini ya habari zake zina harufu nyingine kabisa ambayo mimi mweusi ninayeishi huku naitambua mara moja, na aplikesheni ninayolipia haizifuti. Nimeripoti kadhaa kwa kile kitufe, nikapata ujumbe wa asante, komenti zikabaki pale pale. Hapo ndo nyota moja ilipotoka.

Nyingine ilitoka hapa. Mwaka 2024 kulikuwa na jambo zito, mwigizaji Amanda Abbington alilalamika kuhusu alivyotendewa mazoezini na mcheza dansi wake Giovanni Pernice, BBC ikachunguza, ikakubali baadhi ya malalamiko, sio yote, ikamwomba radhi. Hilo sio bifu. Hilo ni suala la kazi, mtu na mazingira ya kazi yake, lina utaratibu na ushahidi. Lakini msomaji aliyelishwa miaka 20 kwamba kila wawili wenye sura ngumu pale wana bifu atalisomaje? Atalisoma kama bifu, atachagua timu. Na ndivyo ilivyokuwa, kazini kwetu kuna waliovaa jezi ya huyu na waliovaa jezi ya yule kabla ripoti haijatoka, hakuna aliyeuliza kilichotokea. Ukishaita kila kitu moto, nyumba ikiungua kweli watu wanaleta viti kuangalia.

Mtauliza, hakuna wa kuwadhibiti? Yupo, anaitwa IPSO, aliundwa 2014 baada ya ile skendo ya kudukua simu za watu iliyofunga gazeti la News of the World mwaka 2011 na uchunguzi wa Leveson uliofuata. Kanuni ya kwanza kabisa ni usahihi, na tangu 2016 imeandikwa wazi kwamba kichwa cha habari kisichoungwa mkono na habari yenyewe nacho ni kosa. Nzuri sana kwenye karatasi. Ila utathibitishaje kwamba watu wawili hawana kinyongo? Chanzo hakina jina na kanuni hizo hizo zinawataka walinde vyanzo vyao. Ndo maana wanapenda bifu kuliko kusema mtu kaiba, ukisema mtu kaiba unaenda mahakamani, ukisema mtu "anasemekana kuchoshwa" na jaji unaenda lanchi. Mimi nililalamika kwa huduma kwa wateja wao kuhusu kichwa kimoja ambacho habari yake ilisema kinyume kabisa, jibu lilikuwa la roboti, lakini nilipoangalia tena kesho yake kichwa kimebadilika kimya kimya, hakuna hata mstari wa kusema tumerekebisha. Kwa hiyo wanasoma malalamiko. Wanajua.

Mambo ya kiufundi haraka haraka. Isiyo na matangazo kweli haina matangazo, ila kuna habari za "tumekuchagulia" ambazo ukizifungua ni za kuuza saa na magodoro, hizo mimi naziita matangazo. Notifikesheni unaweza kuzichagua kwa mada lakini "showbiz" ni kapu moja, huwezi kusema nipe alama usinipe bifu. Video zinajiwasha zenyewe kwa sauti, kwenye basi ni aibu. Kusoma bila mtandao inawezekana. Lugha ni Kiingereza cha mitaani chenye utani mwingi, kama umefika huku juzi juzi inasaidia kujua wenzako wanaongea nini, hilo siwanyimi.

Kama unachotaka ni dansi, usilipie. It Takes Two ya BBC Two, kipindi ndugu cha Strictly, inaruka jioni siku za kazi, wanakaa na majaji na wachezaji wanarudia hatua moja moja taratibu, jaji yule yule "katili" utamkuta ametulia anaeleza kwa nini mkono ulitakiwa kuwa pale na sio pale. Ipo pia iPlayer, huduma ya BBC ya kuangalia mtandaoni, kama nyumba yako ina leseni ya TV huongezi hata senti. Wamama wa kazini nilipowaambia hili walinicheka, kumbe wote wanaangalia It Takes Two, udaku wanausoma wakiwa saluni kwenye gazeti la mtu mwingine.

Kama unachotaka ni udaku kama udaku, na hakuna ubaya, sisi wenyewe tumekua na Ijumaa, Risasi na Kiu tukijua kabisa hapa kuna chumvi hapa kuna ndimu, basi chukua, utacheka. Ila chukua ule wa bure, bifu ni zile zile. Na kama umeshajiunga na unataka kujitoa, usihangaike kutafuta kitufe ndani ya aplikesheni, wamekificha kurasa nne ndani na mwishoni wanakuambia upige simu saa za kazi. Nenda moja kwa moja kwenye duka la aplikesheni la simu yako, sehemu ya malipo ya kila mwezi, ghairi pale, na fanya hivyo kabla ya mwezi mpya kuanza maana nusu mwezi hawarudishi.